Chuma Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jana mvua ilinyesha kutoka saa nane mchana mpaka jioni, na mimi sikufanya kitu. Nataka mnielewe vizuri: sikufanya kitu! Sikukimbilia turubai, sikusogeza ndoo, sikumlilia Bikira Maria. Nilivuta kiti katikati ya chumba changu, nikakaa, nikakunja mikono, nikaisikiliza ikipiga mabati. Mume wangu Adolphe alikuwa amesimama mlangoni ananiambia jambo, mdomo unafunguka na kufungika, sauti haifiki kwa kelele za juu. Baadaye nikajua alikuwa anaomba chai. Nilimwacha aombe.

Hapa mtaani wanasema Mama Danielle amepandisha paa la chuma kwa sababu ana franga nyingi. Franga gani? Wangejua! Mimi Henriette nauza unga wa mahindi sokoni, mnaniona kila siku na nywele nyeupe za unga. Nitawaambia lile paa lilivyopatikana, maana uongo siupendi, na kusema napenda.

Kiwanja chetu kiko upande wa Kakontwe, karibu na machimbo ya mawe ya chokaa ambako Adolphe anaendesha mashine ya kupakia. Tulikichagua kwa ajili ya kichuguu. Mtu wa Likasi akitaka kiwanja haulizi kwanza kama kuna maji, anauliza kama kuna kichuguu, kwa sababu kichuguu ndicho matofali. Chetu kilikuwa kirefu kuliko nyumba tuliyokuwa tunapanga kule Kikula. Tulikichimba, tukafyatua matofali, tukajenga tanuru palepale, tukachoma. Yakatoka mekundu, ukiyagonga yanalia. Halafu mume wangu, mtu anayeshinda na mawe ya chokaa siku nzima, akajenga kuta kwa tope badala ya saruji, sima kama tunavyoiita, eti sima ingetumaliza. Nilisema, nikasema tena, nikachoka.

"Mama Danielle," akaniambia, "tope ikifunikwa muzuri, iko sawa na sima."

Ikifunikwa. Hilo neno likanikaa kichwani.

Ubaya wa kichuguu ni huu: udongo unauhamisha, wenye nyumba hawahami. Mchwa walibaki chini. Tuliweka fremu ya mlango, mbao nzuri, imepakwa rangi juu ya mafuta machafu ya gari. Kabla ya kiangazi kwisha niliigusa kwa kidole, kidole kikaingia mpaka kiungo cha pili. Ndani hamna kitu! Walikuwa wamekula mbao yote wakaacha rangi isimame peke yake. Nilicheka kwa hasira, halafu nikaapa mbele ya Adolphe kwamba katika nyumba ile mti hautapanda juu. Kenchi zitakuwa za chuma, kila kitu cha juu kitakuwa chuma, au nilale nje.

"Na ile chuma utainunua na nini?" akauliza.

"Na kinywa yangu," nikamjibu.

Basi nikaenda mjini kwa Papa Hilaire, mwenye karakana kubwa ya kuchomelea. Nikamweleza nyumba: vyumba vitatu na sebule. Akahesabu kwenye simu yake, taratibu, kama mtu anayesali, halafu akanigeuzia kioo nisome. Nikasoma. Nikafuta macho kwa kikwembe nilichojifunga, nikasoma tena.

"Papa Hilaire, minye nimekuya kuuliza chuma ya paa. Sikuuliza reli ya kufika Kamina."

"Mama, usinikasirikie minye," akasema. "Tube za chuma zinatoka Zambia, zinapita mupaka ya Kasumbalesa, zinalipiwa dola. Dola ikipanda, nazo zinapanda. Tena kuko mukono ya bafundi, kuko gari, kuko vijiti vya kuchomelea. Mwaka uliopita ungekuya, bei ilikuwa ingine."

Mwaka uliopita! Watu wa chuma wote wanasema hivyo. Ukienda mwaka huu, bei nzuri ilikuwa mwaka jana, na ukienda mwaka ujao watakwambia bei nzuri ilikuwa leo.

Ile bei ilikuwa imepita kiwanja, matofali na kuni za tanuru vyote pamoja. Nilirudi kwa miguu nikihesabu, na kila nilipohesabu nilifika palepale. Kulipa chuma cha Hilaire ilikuwa kuuza magunia yangu yote ya unga, na meza, na nafasi ya meza. Tungekaa chini ya paa zuri tukila nini? Mshahara wa Adolphe unaishia kwenye kodi na madawa ya goti lake. Na kutolipa ilikuwa kungoja mvua za kwanza zishushe zile kuta za tope zilizosimama uchi. Meza yangu au kuta zangu. Ndipo nilipokuwa nimefika, na miezi ya mvua ilikuwa inakuja haiulizi mtu.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza. Mama Danielle, mkwe wako si fundi wa kuchomelea?

Ni fundi! Magloire, mume wa binti yangu Danielle, ana kibanda chake Shituru karibu na reli, anachomelea milango, madirisha, vitanda, hata magari. Mikono yake inasifiwa. Lakini mimi siwezi kumwendea. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawasemezani uso kwa uso. Akiwa na neno, anamtuma mkewe. Tukikutana njiani, anapinda. Siku moja sokoni nilimtokea ghafla, hana pa kupinda, akajibana nyuma ya magunia ya makaa mpaka nikapita. Alitoka pale shati lote jeusi. Vijana wa makanisa mapya wanacheka mambo haya, wao wanakumbatia mama wakwe mbele za watu. Mimi lile shati jeusi lilinifurahisha wiki nzima. Nilisema moyoni, huyu kijana amelelewa.

Basi nikamtuma Danielle. Mwambie mume wako, nikasema, mama anaomba amfanyie kenchi za chuma, chuma nitanunua, na kazi yake nitailipa. Danielle akaenda. Kesho yake akarudi, macho chini, anachezea pindo la nguo.

"Mama, anasema hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kupanda pale. Hawezi."

"Hajui ile kazi?"

"Anajua."

"Anataka bei gani?"

"Hataki bei, mama."

"Sasa ni sababu gani?"

"Mama, minye nimesema yote yenye alinituma." Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari.

Aa, nilikasirika! Sina cha kuficha, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Huyu kijana tulimpa mtoto wetu bila kumsumbua. Wengine wanaitisha mahari kama wanauza kampuni, sisi tulisema kidogo, kwa sababu tulimpenda. Na mimi nikamwomba jambo moja tu. Halafu wiki hiyohiyo nikasikia sokoni kwamba Magloire yuko mtaa wa Panda, amepanda juu ya paa la kanisa, anachomelea kenchi za watu asiowajua hata majina. Juu ya kanisa anaweza, juu ya nyumba yangu hawezi! Nilirudi nyumbani nikapika bukari ngumu, ugali kama tofali, Adolphe akashindwa kuikata.

"Mama Danielle," akasema, "hasira hasara."

"Hasara iko tayari juu ya vichwa vyetu, Baba Danielle. Angalia juu! Unaona bati?"

Akaangalia juu kweli, yule mzee wangu, kule kwenye dari la nyumba ya kupanga. Ningekuwa na moyo mwepesi ningecheka.

Mawingu yakaanza kukusanyika mchana, yanakaa, yanaondoka. Siku moja yakadondosha kidogo, manyunyu tu, ya kulowesha vumbi. Nilikimbia mpaka kiwanjani. Mstari wa juu wa ukuta wa chumba changu ulikuwa umetoa tope, limeshuka kwenye matofali kwa michirizi myekundu. Nikaweka mkono, ukuta ukanipakaa. Nilisimama pale nikasema, basi, imetosha. Nikauza magunia, nikatoa na fedha ya kununulia mengine, nikaifunga yote kwenye pindo la kikwembe changu, fundo kubwa kama kitunguu. Niende kwa Hilaire, nilipe, na ya kesho Mungu anajua.

Fedha kama ile haitembei peke yake, kwa hiyo nilimwomba wifi yangu Rosalie, dada yake Adolphe, anisindikize. Rosalie ni mtu wa kusema, na ndiye anayejua desturi zote za ukoo: nani akae wapi, nani asile nini. Njia nzima alinisimulia ugonjwa wa kuku wake. Tulipofika, Hilaire alikuwa anagombana na mtu kwenye simu habari za mzigo wake wa Kasumbalesa, akatuonyesha benchi. Tukakaa. Ndipo Rosalie akageuka.

"Mulamu, na ule mukwe yako? Si iko soudeur?"

"Usinitajie ule mutu. Amekataa."

"Amekataa? Magloire?"

"Alituma Danielle, eti hawezi kupanda pale. Basi. Hakusema ingine."

Rosalie akanyamaza. Mimi ninamjua Rosalie tangu nilipoolewa, na sijawahi kumwona ananyamaza bila kuwa mgonjwa. Akaniangalia kwa upande.

"Mulamu. Alisha kula kwako?"

"Bado."

"Bado! Danielle iko na batoto babili!"

Hapa lazima niwaeleze, ninyi ambao hamna desturi hii. Mkwe kwetu anakatazwa mengi, lakini hakatazwi milele. Inafika siku mama mkwe anampikia rasmi. Kuku mzima, bukari, kila kitu cha heshima, na mkwe anakaribishwa na kuketishwa. Siku hiyo ndiyo anaingizwa. Baada ya hapo anaweza kuingia uani kwa mkwe wake, kukaa, kushika kazi ya nyumba. Kabla ya hapo ni mgeni wa mbali, na mahali anapolala mama mkwe hapakaribii hata kwa kivuli.

"Minye nangojea nyumba iishe," nikamwambia Rosalie. "Nitamupikia mu salon mupya ya kupokea bageni, na viti vya muzuri, na pazia. Nimukulishe mu kile kinyumba cha kupanga, tukigongana magoti? Hapana. Minye niko na heshima yangu."

Rosalie akanishika mkono. Akaanza kucheka, kwanza taratibu, halafu akashindwa, akajiinamia kwenye benchi mpaka vijana wa karakana wakaacha kukata chuma wakatuangalia.

"Mama yangu wee! Kumbe weye unangoja nyumba iishe ndio ale, na yee anangoja ale ndio nyumba iishe! Mutazeeka hivi! Mutu hajakula kwako, unamutuma apande na viatu juu ya kitanda yako?"

"Lakini juu ya kanisa alipanda!"

"Mu kanisa mama mukwe yake analala?"

Nikajisogeza karibu naye kwenye benchi.

"Na kwa nini hakusema?" nikauliza, lakini sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Aseme nini? 'Mama mukwe, nipikie kuku'? Mukwe wa kuomba bukari! Angekufa haya. Hata Danielle, unafikiri anaweza kubeba neno ya vile mu kinywa yake mpaka kwako?"

Nikamkumbuka binti yangu anaosha vyombo visafi. Nikakumbuka lile shati jeusi la makaa. Kitu kikaachia hapa kifuani, nikavuta pumzi ambayo nilikuwa sijaivuta tangu kiangazi. Kumbe kijana hakunidharau! Aliniheshimu mpaka heshima ikatukwamisha wote wawili, kila mtu upande wake, anamngoja mwenzake. Niliona haya, kweli, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko haya. Nikaangalia fundo la kikwembe. Lilikuwa bado limefungwa.

Nikasimama. Hilaire akaacha simu.

"Mama, unaenda wapi? Naandika facture ya malipo sasa hivi!"

"Ninaenda kupika!"

Rosalie alitaka tufanye chakula kule Kikula, kwa sababu kuna jiko na kuna dari. Nikakataa. Nikasema atakula ndani ya kuta zile zile, ili kila tofali lishuhudie. Jumamosi tukabeba masufuria, viti vya kuazima, na pazia jipya nililokuwa nimelificha sandukuni kwa ajili ya sebule. Nikalitundika kwenye dirisha lisilo na fremu, upepo ukalipeperusha nje na ndani. Nikapika kuku mzima, na firigisi yake ndani, maana mkwe akikosa firigisi ana haki ya kuuliza kaila nani. Nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikasonga bukari laini safari hii. Juu yetu hakukuwa na kitu ila wingu moja kubwa upande wa mto Lufira, na mimi nilikuwa naliangalia kuliko sufuria.

Magloire alikuja amevaa koti na tai katika jua lile, amefuatana na rafiki yake Samy anayefanya naye kazi. Mimi sikumwona. Mama mkwe hakai kumtazama mkwe akila. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, katika chumba kitakachokuwa changu, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, naangalia michirizi ya tope na nasikiliza. Nikasikia Rosalie anamnawisha mikono. Nikasikia anasema maneno ya desturi, kwamba leo umeingia, leo wewe si mgeni, mlango huu ni wako. Nikatega sikio nisikie anakula. Je, kama ana kinyongo? Je, kama ataonja tu kwa adabu na kusukuma sahani?

Halafu nikasikia mfupa unavunjwa kwa meno. Mungu wangu, ile sauti! Mtu anayevunja mfupa na kunyonya ndani hana kinyongo. Nikajifunika uso kwa kikwembe nikacheka kimya kimya peke yangu juu ya ndoo.

Sasa kwetu sahani ya mama mkwe hairudi tupu. Mkwe anaweka kitu, chochote alichonacho, kuonyesha kwamba ameipokea siku. Rosalie akazunguka ukuta, ananiletea sahani kwa mikono miwili, uso wake umebadilika. Juu ya sahani kulikuwa na vipande viwili vya tube vilivyounganishwa kwa pembe, pembe ya kenchi, ndogo ya kukaa kiganjani. Kiungo kimesuguliwa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu, na imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

"Anasema aliitengeneza ile siku Danielle alienda kumuuliza," Rosalie akaniambia. "Alikuwa anangoja sahani ya kuiweka."

Niliishika ile pembe, nikaibana tumboni. Rosalie hakunitania hata kidogo, na hiyo ilinifanya nilie zaidi.

Mazungumzo ya bei tuliyafanya siku hiyohiyo, kwa namna yetu. Magloire alikuwa amesimama nje ya ukuta, mimi ndani, na Adolphe kwenye mlango anabeba maneno.

"Baba, umwambie mama, zile tube Papa Hilaire alihesabia ni za hangar, za kubeba ghala nzima. Ku nyumba, nene tutaweka tu mahali pa kubeba. Pahali pengine tutaweka za wembamba."

"Mama Danielle," Adolphe akageuka, "anasema zile tube..."

"Nimesikia, Baba Danielle. Ukuta ni wa tope, masikio si ya tope. Umwambie sawa. Na bei?"

"Anauliza bei," Adolphe akasema kwa nje.

"Nimesikia, baba. Nitazifuata minye mwenyewe pale malori yanashusha, na tutachomelea hapa hapa chini, hakuna gari. Samy tutamulipa. Mukono yangu siuzi kwa mama."

Mambo yakawa hivyo. Nilifungua fundo la kikwembe, likapungua sana, sitasema halikupungua. Chuma ni chuma, hata mkwe akikununulia. Lakini halikuisha. Lilibaki la kununua magunia ya kuanzia, na Jumatatu nilikuwa kwenye meza yangu na nywele nyeupe kama kawaida. Wateja walishangaa kwa nini Mama Danielle anajaza kipimo mpaka kinamwagika.

Kazi ikaanza, na courant, umeme wetu, ikaanza vituko vyake. Bwawa la Koni liko palepale, maji ya Lufira yanageuza mashine usiku na mchana, na sisi majirani zake tunakaa tunaangalia waya. Magloire akichomelea kidogo, pap, umekata. Anakaa juu ya tofali, anangoja. Ukirudi, anarukia kazi kabla haujabadili mawazo. Mimi nilikuwa napeleka chakula na kukiacha mlangoni. Alikuwa ameingizwa, anaweza kuniona sasa, lakini ulimi wake ulikuwa bado haujavuka. Kila neno kwa Adolphe. Nilimwuliza Rosalie, akasema niache, kinywa kinafunguka chenyewe, hakifunguliwi na ufunguo.

Na kitu kimoja niliona, sitakisahau. Kenchi zilipopanda, juu ya sebule alitembea na viatu vyake vizito. Juu ya chumba cha wageni, na viatu. Akifika juu ya chumba changu anakaa, anavivua, anavining'iniza shingoni kwa kamba, anaendelea na soksi.

"Utaanguka, mutoto!" Adolphe anapiga kelele kutoka chini.

"Sitaanguka, baba."

Siku ya kufunga mabati, asubuhi ilikuwa na jua. Kufika saa sita upepo ukageuka, mbingu ikawa nyeusi upande mmoja, na vumbi la machimbo likapanda jeupe. Sebule ilikuwa imefunikwa, vyumba viwili vimefunikwa. Chumba changu kilikuwa kimebaki na pengo, na chini ya pengo lile ndipo ulipo ukuta wenye michirizi. Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yanapiga udongo po, po. Sikufikiri. Nikachukua magunia matupu ya unga nikakimbilia ndani, nikapanda juu ya ndoo yangu, nikaanza kufunika kichwa cha ukuta kwa mikono. Maji yakaingia kwenye mikono ya blauzi mpaka kwapani. Nilikuwa nasema na ule ukuta kama mtu: ngoja kidogo, ngoja, usinifanyie hivyo leo.

Juu yangu bati likavutwa. Kukawa giza kidogo, halafu zaidi. Nikasikia nyundo inatoboa, spana inakaza, nyundo, spana, soksi zinaburuta. Maji yaliyokuwa yananipiga usoni yakawa uzi, halafu yakakatika. Na ndipo mvua yenyewe ikaja, yote mara moja, kelele za kuziba masikio, na mimi nimesimama juu ya ndoo katika chumba kikavu, nimekumbatia ukuta.

Ulikuwa umesimama.

"Mama!"

Sauti ilitoka juu, karibu kabisa na kichwa changu, nyuma ya bati. Nilimwona Adolphe mlangoni, amelowa mpaka mifupa, akafungua mdomo kubeba lile neno kama alivyozoea. Halafu akaelewa kwamba halikuwa lake, akaufunga.

"Mama! Kunavuja?"

Nikaangalia juu. Nikaangalia kona hii, nikaangalia ile, nikafuata tube zile nyekundu moja moja mpaka ukutani, sikuona hata tone. Uso wangu tu ndio uliokuwa unavuja.

"Hapana, mwana wangu!" nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, ili asikie mwenyewe, asihitaji mtu. "Hakuvuji hata kidogo! Shuka, utateleza. Shuka, kuya ukule!"

Akashuka, viatu shingoni, akaingia kwa mlango.